Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Msajili wa Ardhi ya Jamii, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Shule, wazee wetu, mama zetu, walimu na wanafunzi wenzetu: hamjambo, na sopa.

Karibu sana Narok. Kwa kawaida risala ya siku hii huzungumzia bweni linalovuja. Bado linavuja, ila hilo tumemwachia Mwalimu Mkuu. Tuliposikia kazi yako ni kusajili ardhi za jamii, sisi wa Chama cha Historia tuliomba nafasi hii tuseme nawe kuhusu mikataba ya Wamaasai na ardhi.

Mheshimiwa, wengi walioketi hapa ni vitukuu na vilembwe vya watu waliohamishwa kutoka Laikipia. Mnamo Agosti 1904, Olonana na viongozi wenzake walikubaliana na Sir Donald Stewart, Kamishna wa Uingereza, kwamba Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru ambako reli ilikuwa imepita na walowezi wakapatamani. Wangebaki na maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli. Kungekuwa na njia ya kuunganisha pande hizo mbili, na huko Kinangop zingeachwa maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe za tohara. Mkataba wenyewe ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Haukufika miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata, chini ya Gavana Percy Girouard, ukatiwa saini mkataba wa pili uliowaondoa watu Laikipia pia. Serikali ilidai kwamba Olonana mwenyewe aliwausia watu wake wahamie kusini. Wazee tuliowahoji wakisikia hivyo hutikisa kichwa. Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, hakutaka kuhama. Hata hivyo watu wapatao 10,000 walisukumwa kuelekea huku, pamoja na ng'ombe takribani 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja. Waliopitia Mau walikutana na mvua na baridi, na wengine walizikwa njiani. Safari ilisimamishwa, ikaanza tena, ikakamilika mwaka 1913.

Hapa ndipo tuliposhangaa zaidi, na ndipo tunapoomba uvumilivu wako. Wamaasai hawakuchukua mikuki. Walichukua wakili. Kesi yao, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilidai kwamba mkataba wa 1904 bado una nguvu na kwamba ule wa 1911 haukuwafunga. Mwaka 1913 Mahakama Kuu iliitupa, na rufaa nayo ikatupwa mwaka huohuo. Majaji hawakusema ardhi haikuwa ya Wamaasai. Walisema kwamba nchi hii ilikuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza, si koloni, kwa hiyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme bali taifa la kigeni. Mkataba wao na Mfalme ni jambo la dola kwa dola, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani Mmaasai alikuwa mgeni alipodai ardhi, lakini alikuwa chini ya amri ya Mwingereza alipotakiwa kuhama. Mwaka 1962 wajumbe wa Wamaasai waliibeba hoja hiyo hadi kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Uingereza haikukubali kurudisha ardhi, nao wakakataa kutia saini.

Katiba ya 2010 ilitupa matumaini, kwani iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria inahesabu dhuluma hizo kuanzia tarehe 15 Juni 1895, kwa hiyo 1904 na 1911 zimo. Lakini iliweka miaka mitano tu ya kupokea madai, na muda huo uliisha mwaka 2021. Jambo la miaka mia moja na zaidi lilipewa mitano! New Zealand walianza na kosa linalofanana na hilo: baraza lao la Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini kati ya Wamaori na Uingereza mwaka 1840, lililoundwa mwaka 1975, halikuruhusiwa kugusa mambo ya zamani. Mwaka 1985 Bunge lao liliruhusu madai yarudi nyuma hadi 1840. Tunajua wewe si Bunge, Mheshimiwa, ila unakutana na watu ambao sisi hatukutani nao.

Wala hatudanganyiki kwamba hukumu peke yake inatosha. Jirani zetu Waogiek wa msitu wa Mau walishinda kesi ya ardhi yao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na wapewe hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 familia zao zilikuwa zikifukuzwa tena Mau.

Ndiyo maana maombi yetu kwako ni ya mambo yaliyo mezani mwako. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkutano wa jamii uchague kamati ya watu 7 hadi 15, na ardhi isiuzwe bila theluthi mbili ya wanajamii kukubali. Wazazi wengi hapa hawajasikia hata moja kati ya hayo. Tunaomba uje siku ya soko na fomu zako, uzieleze kwa Kimaasai na Kiswahili. Tunaomba pia nakala za mikataba yote miwili pamoja na ramani zake kwa maktaba yetu, maana tulichosoma tumekiazima.

Ombi la mwisho limetoka kwa wasichana wa chama. Walipouliza nyumbani kama majina yao yataingia kwenye sajili ya wanajamii, baadhi yao waliambiwa wataandikwa kwa waume zao. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa kijinsia. Kwa kuwa wazee wako hapa leo, tunaomba utakaposimama kutujibu ulieleze jambo hilo waziwazi, mbele yao.

Tunaomba kuwasilisha.