Helmeti za mtumba: zikagueni kabla ya Jumamosi

Assalaam aleikum wanakikundi. Mliowanunulia watoto helmeti za mtumba za kuteleza kwa viatu vya magurudumu pale soko la Kongowea, zipindueni leo. Ndani kuna kibandiko chenye modeli na tarehe ya kutengenezwa. Ikiandikwa EN 1077 (namba ya kiwango cha usalama cha Ulaya) peke yake, hiyo ni ya kuteleza thelujini. Ya viatu vya magurudumu ni EN 1078. Modeli hiyo itafuteni kwenye tovuti ya CPSC, tume ya Marekani inayotangaza bidhaa zinazorudishwa kwa sababu ya hatari. Kisha fungeni mkanda wa kidevuni, muuvute kwa nguvu, si kwa kubembeleza. Kifungo kikiachia, mtoto hatelezi pale bustani ya Mama Ngina Jumamosi, hata akilia. Kibandiko kimebanduka? Nitumieni picha kando, ila mimi wangu simvishi hiyo.