Jumamosi tunamalizia kusikiliza nusu ya pili ya albamu

Habari za jioni, wapendwa.

Poleni na umeme wa juzi. Ulikatika tukiwa wimbo wa kumi, spika ikanyamaza tukabaki tunatazamana. Jumamosi tunarudi palepale Ngamiani, barabara ya 12, baada ya isha. Safari hii nakuja na spika ya chaji.

Kwa waliokosa: ni albamu ya Big Thief, bendi ya Marekani, ya Februari 2022, Dragon New Warm Mountain I Believe in You. Nyimbo 20, dakika kama 80. Walirekodi sehemu nne za Marekani: New York, Topanga kule California, milima ya Colorado na jangwa la Arizona. Prodyuza ni mpiga ngoma wao, James Krivchenia. Kwa kuwa walirekodi kote huko, mara unasikia fidla ya kijijini, mara gitaa linanguruma.

Wapo waliosema ndefu mno, ingekatwa zibaki 12. Jamani, watu wa Tanga, tuliolelewa na taarab ya kikundi chetu cha Black Star, dakika 80 zitushinde? (Ila nakiri, katikati pale nilinyanyuka kumimina kahawa mara mbili.)

Kaka aliyeuliza ule mlio wa "boing-boing" kwenye wimbo wa Spud Infinity: ni kidude cha chuma, unakibana mdomoni unakidonoa kwa kidole. Aliyekipiga ni kaka yake mwimbaji wao, Adrianne Lenker.

Kashata mchango 1,000. Dada wa mikeka, usitusahau tena.