Kwenu Wanangu Mnaoongoza Vikundi vya Biblia

Wanangu, Bwana asifiwe.

Nimekaa nyuma kwenye vipindi vyenu nikinyamaza, leo nimeshindwa. Sala ya kufungua mnaipitia mbio, kisha mashindano yanaanza: nani ana mistari mingi kichwani, nani kamzima mwenzake kwa hoja. Juzi mama mmoja aliuliza kwa nini Ayubu aliteseka ilhali alikuwa mcha Mungu. Mkacheka. Mmoja wenu akamtajia sura tatu kwa mkupuo, akaendelea na yake. Mama wa watu hakufungua tena kinywa. Mwendeeni mkamwombe radhi, na swali lake mlijibu kwa machozi kama inavyostahili.

Someni Mathayo 2. Herode alipowauliza makuhani wakuu na waandishi Kristo azaliwe wapi, walijibu papo hapo: Bethlehemu ya Uyahudi, na unabii wakautaja. Jibu sahihi kabisa! Lakini hatusomi kwamba hata mmoja wao alifunga safari kwenda kumwona. Waliokwenda ni mamajusi, wageni kutoka mashariki. Habari hiyo inanitisha mimi mzee, sembuse ninyi. Mtu aweza kuyashika Maandiko kwa ghibu, na yule anayeshuhudiwa na Maandiko hayo asimjali.

Danieli aliposoma katika Yeremia habari ya ile miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu, hakukimbilia kujionyesha. Alifunga, akavaa magunia, akaomba. Na wanafunzi waliotembea na Bwana, wakala naye, Luka 24 inasema ni yeye aliyewafunulia akili wapate kuelewa. Ninyi, wanangu, mmepata wapi akili isiyohitaji neema hiyo?

Sisemi mkae mkingoja mbingu zipasuke. Tumieni itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoonyesha kila neno liko mstari gani. Linganisheni tafsiri. Someni kitabu kizima, si mstari mmoja. Towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, na bado Roho alimtuma Filipo alisogelee gari lake, naye akapanda kumweleza.

Nao wanaouza mafunuo, sadaka kwanza ndipo neno litoke, tumewalea wenyewe kwa kuwapigia makofi. Simoni, yule mchawi wa Samaria, alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Petro alimkemea mbele ya watu. Siku hizi Simoni anapewa kiti cha mbele, na wazee wa kanisa tunatazama tu.

Kipindi kijacho anzeni na Zaburi 119:18: “Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako.” Kila mmoja aiombe kwa kinywa chake kabla ya kufungua daftari. Anayeona aibu kuomba hivyo, msimpe zamu ya kufundisha.