Uniangalizie midiria wa huko kwenu

Naivasha

Mpendwa Achieng',

Salamu nyingi. Huku tu wazima, natumai nanyi Kisumu hamjambo.

Jumamosi alfajiri tulikodi mashua. Usingelitambua ziwa hili: maji yamepanda mno miaka hii, na migunga iliyokuwa nchi kavu imekufa imesimama majini. Naihurumia miti ile, lakini minandi wameifanya makao, viota vimejaa, matawi meupe pepe kwa kinyesi. Nahodha alitaka kumrushia furukombe samaki ili tupige picha. Nikamsihi amwache awinde mwenyewe, na alipowinda, moyo ulinidunda! Viboko tuliwapitia mbali.

Lakini aliyenifanya nikuandikie ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Unamjua: hupiga mabawa akiwa papo hapo hewani, kichwa kimetulia tuli, kisha hujitosa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja, tena uliokatika katikati. Hutaga ndani ya mashimo wanayochimba kwenye kingo za udongo, na mara nyingine wazazi husaidiwa na mwana wao wa kiume wa msimu uliopita.

Sasa sikiliza. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza midiria hawa hapa Naivasha na huko Ziwa Victoria, akachapisha matokeo mwaka 1980. Kuna madume waliokosa wenzi, wasio na undugu wowote na wenye kiota, ambao huja na samaki mdomoni kuomba kusaidia. Hapa kwetu hufukuzwa. Huko kwenu hufukuzwa mwanzoni, ila makinda wakishaanguliwa hupokewa, kwa kuwa Victoria kuna mawimbi, uvuvi ni mgumu zaidi, na wazazi peke yao hawawezi kuwashibisha watoto. Ndege ni wale wale, ila njaa ya makinda ndiyo inayoamua nani apokewe. Tangu nijue hilo siwezi kumpita mdiria bila kusimama.

Nakuomba basi, ukienda Dunga, tafuta ukingo wenye mashimo, ukae mbali kidogo wasishtuke. Tazama ni ndege wangapi wanaopeleka samaki shimo moja, na wangapi kati yao wana mikanda miwili. Asubuhi mapema ni bora, kabla upepo haujachafua maji. Niandikie hata kama utaona wawili tu. Likizo ya Agosti nitakuja tukae pamoja, na darubini nitabeba mimi.

Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Wambui