Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wadadisi wenzangu wa Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu wanajumuiya. Hesabu atazisoma mshika fedha mwenyewe, ada wengi wenu mumelipa shukran sana, mafunzo ya tableti yamefanyika Chake na Wete na vijana wapya wameingia. Hayo basi. Mie nataka niseme juu ya kazi yenyewe ya udadisi, ile ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti wa afya, kwa sababu mwaka huu nimesikia baadhi yetu wakiambizana eti maswali ya sakafu na choo ni ya kujazia fomu tu, mtu akikisia hakuna neno.

Jamani lipo neno, tena kubwa. Utafiti wa afya wa kitaifa kama ule wa 2022 haumuulizi mtu kwa mwezi anaingiza shilingi ngapi, na nani huku petu atakwambia, mvuvi leo kapata kesho kakosa. Ndo maana tunauliza sakafu ya udongo au ya saruji, paa la makuti au bati, choo cha aina gani, maji mnateka wapi, redio ipo, baiskeli ipo. Majibu yote yanapewa alama, watu wa nchi nzima wanapangwa kuanzia alie chini mpaka alie juu halafu wanakatwa mafungu matano sawasawa, na hapo sasa mtafiti anatizama fungu la chini watoto wangapi wamedumaa na la juu wangapi, kina mama gani wanazalia hospitali na gani wanazalia nyumbani. Ukikisia sakafu umemtoa mtu kwenye fungu lake, na ile tofauti iliyokuwa inatafutwa umeifuta wewe kwa kidole chako.

Na msidhani ni habari ya masikini na tajiri tu. Kule London kuanzia 1967 walifuatiliwa wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa wafanyakazi wa serikali, utafiti unaitwa Whitehall na mtafiti wa afya Michael Marmot ndie anaejulikana nao zaidi. Wote wale wana kazi, wana mshahara, na matibabu kwao ni bure, ungesema hawa afya zao zitakuwa sawa. Wapi! Katika miaka kumi wale wa vyeo vya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha kama mara tatu ya wakubwa wa juu, na wa kati wakawa kati, yaani kila ngazi unayoshuka hatari inazidi. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Lile jambo lisingeonekana kama cheo cha kila mtu kisingeandikwa vizuri tangu siku ya kwanza.

Kitu chengine, kumuuliza mtu "unaumwa?" hakutoshi. Mchumi Amartya Sen aliandika 2002 kuhusu India, watu wa jimbo la Kerala wanaishi umri mrefu kuliko wa Bihar lakini ukiwauliza wao ndo wanaosema wanaumwa zaidi, kwa sababu wamesoma na wamezoea kuonana na daktari, alie mbali na hospitali maradhi yake anayaona ndo hali ya dunia. Kwa hivyo mizani na kipimo cha presha tunachobeba si mzigo wa bure, mpime bibi hata akikwambia "mie mzima mwanangu".

Sasa nyumba za mbali. Nyumba ikishachaguliwa kwenye sampuli, yaani zile nyumba chache zinazowakilisha zote, haibadilishwi, hukumkuta mtu unarudi tena na tena, hata kama ipo kisiwani Kokota na dau limeshaondoka. Msimamizi mmoja, simtaji, aliwaambia vijana wetu wachukue nyumba ya jirani iliyo karibu na barabara, wakakataa, na mie nawashukuru mbele yenu nyote kwa sababu alie mbali na barabara ndie khasa tunaemtafuta, yeye akikosekana namba ya Pemba nzima itatoka nzuri na ya uongo.

Kamati inaleta mawili mkutano uyapitishe. Moja, nauli ya dau tuidai iandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, isitoke mfukoni kwa mdadisi. Pili, atakaejaza fomu bila kufika nyumba, jumuiya isimpendekeze tena kwa kazi yoyote. Fomu za kugombea ukatibu zipo kwa katibu anaemaliza muda wake, mzirejeshe kabla ya sala ya Ijumaa.