Mgonjwa wa sukari aliye kwenye mashine apimwe moyo mapema

Ndugu Mhariri,

Kaka yangu aliishi na ugonjwa wa sukari miaka kumi na minane, na mitatu ya mwisho alikuwa akisafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zilishindwa kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi tulitoka Bombo alfajiri kwa taksi, akalala kwenye mashine kwa saa nne, tukarudi jioni. Wagonjwa wengi huhitaji mara tatu kwa wiki, ila fedha yetu ilitosha nauli ya mara mbili tu. Alifariki mwaka jana. Kilichomuua ni moyo.

Maji yasiyotoka hujaa mwilini kati ya siku za mashine na kuulemea moyo. Madini ya potasiamu yakipanda kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika. Mishipa ya damu nayo hukakamaa. Tena kisukari huharibu mishipa ya fahamu, hata mtu akapata mshtuko wa moyo bila kuhisi kifua kikimbana. Kaka hakulalamika kifua hata siku moja. Alisema amechoka tu, nasi tukadhani ni uchovu wa mashine. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilipouliza juu ya kupandikizwa figo, katika hospitali moja nilijibiwa kwamba mwenye sukari hafai. Jibu hilo nalikataa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa waliopandikizwa figo za marehemu na wenzao waliokuwa kwenye mashine wakingoja zamu. Wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa karibu mara tatu ya wenzao wa mashine, na hilo mgonjwa aambiwe wazi. Lakini baadaye vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 48 hadi 82 kutegemea kundi, na vijana wenye kisukari walikuwa kati ya walionufaika zaidi. Ni kweli, moyo uliokwisha kuchoka unaweza kushindwa kuhimili upasuaji. Ndiyo maana kungoja kunaua.

Zamani jibu lilikuwa kwenda India, kwa wenye uwezo. Sasa hapa Uganda tuna sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023, na Desemba mwaka huo huo Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko hapo hapo Mulago.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kila mwenye sukari anayeanza kusafishwa damu apelekwe kupimwa moyo mwezi ule ule wa kwanza, kabla hajalalamika lolote, na jamaa zake waitwe waelezwe habari ya kutoa figo angali ana nguvu. Wanaotoka mbali wasaidiwe nauli ya ile siku ya tatu. Mimi nilikuwa tayari kumpa kaka figo yangu. Hakuna aliyeniita kunipima.

Msomaji wako,
Bombo, Luweero