Asante, mzee wa kaunta

Mzee wangu tuliyekaa pamoja kaunta kule York, Uingereza, shikamoo na asante sana. Ile stauti ya oti, bia nyeusi yenye nafaka ya oti, ya Samuel Smith, kiwanda cha Tadcaster cha tangu 1758, ningeigugumia ya baridi kama bia zetu za nyumbani. Ukanizuia: acha baridi ipungue, inuse kwanza, ndipo unywe. Kweli bwana! Ikaja harufu ya kahawa na chokoleti chungu, ukasema hiyo ni shayiri iliyokaangwa, nayo oti ikalainisha mambo mpaka ikawa inateleza kooni. Ulipoinua glasi kwenye taa, weusi wote ule ukaonyesha wekundu pembeni. Bili nayo ukailipa kimyakimya, ukaondoka. Hata jina sikukuuliza. Popote ulipo, Mungu akuzidishie.